Maoni: Kuzima seva na kuiwasha tena si kuitengeneza

«Sisteme imeanguka, rudi kesho.» Katika biro za miji yetu, kutoka Bunia hadi Uvira, hilo ni jibu ambalo wakaaji wamelizoea. Mwanafunzi amekuja kujiandikisha, mfanyabiashara amekuja kulipa kodi, mama amekuja kutafuta karatasi ya mtoto wake: wote wanaambiwa neno moja. Amelipa pikipiki kwenda, atalipa pikipiki kurudi, na kesho atalipa tena. Hakuna anayemweleza sisteme imeangushwa na nini. Kesho yake kurasa zinafunguka, foleni inatembea, na jambo linasahauliwa mpaka wiki inayofuata, sisteme inapoanguka tena.

Fikra yangu ni hii: sisteme inayoanguka mara moja inaweza kuwa na bahati mbaya, lakini ile inayoanguka kila mwisho wa mwezi ina ugonjwa. Na ugonjwa huo hauponi kwa sababu kila mara fundi anazima seva na kuiwasha tena kabla ya kuangalia inaumwa nini. Simlaumu fundi peke yake. Mkubwa wake amesimama nyuma ya kiti, simu zinalia, watu wanapiga kelele mlangoni. Hakuna aliyemwomba aeleze sababu. Ameombwa kurasa zifunguke, basi.

Tuchukue programu za intaneti zilizoandikwa kwa Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Marekani Sun Microsystems mwaka wa 1995. Si jambo la wainjinia wa Ulaya tu. DHIS2, programu iliyozaliwa kwenye Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, ambayo Wizara yetu ya Afya inaitumia kukusanya hesabu za malaria, chanjo na uzazi kutoka maeneo ya afya 519 ya inchi, imeandikwa kwa Java. OpenMRS, inayotunza faili za wagonjwa katika hospitali za inchi nyingi za Afrika, ni Java pia. Sisemi kwamba hizo ndizo zinazoanguka. Ninazitaja ili msomaji aone kwamba nyuma ya ukurasa usiofunguka kunaweza kuwa muuguzi mwenye hesabu za kituo kizima mkononi, na hesabu hizo zinabaki kwenye karatasi.

Sasa, inakuwaje programu iliyofanya kazi asubuhi ikatae kufungua kurasa saa sita, bila mtu kuigusa?

Fikiria biro kubwa. Programu nyingi za Java zinakaa ndani ya Tomcat, chombo kinachopokea wageni wanaotoka kwenye intaneti. Tomcat isipobadilishwa mipango yake inaweza kuwa na wahudumu 200, ambao mafundi wanawaita thredi. Kila mgeni anapewa muhudumu mmoja. Lakini muhudumu hana data mfukoni: data ziko ndani ya stoo, na ili aingie stooni anahitaji ufunguo. Programu nyingi zinagawa funguo hizo kwa chombo kinachoitwa HikariCP, ambacho kisipobadilishwa kinatoa funguo 10 tu. Hilo si kosa. Funguo 10 zinatosha wahudumu wengi, mradi kila anayetoka stooni arudishe ufunguo.

Kosa linaingia pale mwandishi wa programu aliposahau kitu kimoja. Kila kitu kikienda vizuri, ufunguo unarudi. Lakini mgeni akituma ripoti yenye tarehe mbaya, kazi inakatika katikati, na muhudumu anaondoka na ufunguo mfukoni. Ripoti mbaya ya kwanza: zimebaki funguo 9. Ya pili: zimebaki 8. Hakuna anayeona kitu. Siku ripoti mbaya ya kumi inapofika, stoo imefungwa. Muhudumu anayefuata anangojea sekunde 30, kisha anarudi kwa mgeni na neno la kosa. Wakati huo wengine wanafika, nao wanangojea, mpaka wote 200 wamesimama mlangoni pa stoo. Mgeni aliye kwenye telefone yake anaona ukurasa mweupe unaozunguka bila mwisho.

Na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Ukitazama mashine, prosesa imepumzika, memori inatosha, Java iko hai. Kila taa ni kijani. Fundi anazima, anawasha, funguo zote 10 zinarudi mahali pake, kurasa zinafunguka, na mkubwa anamshukuru. Lakini kosa limebaki ndani ya programu kama lilivyokuwa. Mwisho wa mwezi, wakati ripoti nyingi zinaingia kwa pamoja, zile mbaya zitafika kumi upesi zaidi, na stoo itafungwa tena.

Kabla ya kuzima, fundi angeweza kuuliza Java yenyewe. Kuna amri inayoitwa jstack. Kwenye Linux kuna nyingine, kill -3, ambayo jina lake linatisha lakini haiui Java: inaiambia tu iandike kila muhudumu amesimama wapi na anangojea nini. Mafundi wazuri wanaipiga mara tatu, wakiacha sekunde kumi kati ya mara moja na nyingine, ili waone nani anatembea na nani amekwama. Kama wahudumu 190 wanaonekana mara zote tatu kwenye mstari ule ule, wakingojea ufunguo, jibu limepatikana. Kazi hiyo inachukua nusu dakika. Ni kweli, picha hiyo inaonyesha wanaongojea, haimtaji aliyeondoka na ufunguo. Lakini HikariCP ina mpango mmoja, leakDetectionThreshold, ambao ukiwashwa unaandika ndani ya faili ya logi mahali ufunguo ulipochukuliwa bila kurudishwa kwa muda uliopangwa. Kutoka hapo, kutengeneza mistari michache kunaweza kumaliza shida ya miezi.

Ukizima kwanza, ushahidi wote umekwenda. Ni kama kuosha sakafu ya nyumba iliyoibiwa kabla polisi hawajafika.

Funguo si sababu peke yake. Memori ya Java inaweza kujaa. Java inajifagilia takataka zake, lakini memori ikikaribia kujaa inaanza kufagia saa zote na hailishi wageni tena. Hapo prosesa inapanda juu sana, tofauti na ile hadithi ya kwanza. Kuna mpango, HeapDumpOnOutOfMemoryError, unaofanya Java iandike memori yote kwenye diski siku inapojaa, lakini lazima uwe umewekwa kabla ya siku hiyo. Linux nayo, ikikosa memori, inaweza kuchagua kuua Java yenyewe, na inaliandika jambo hilo kwenye logi zake ambazo watu hawafungui. Diski inaweza kujazwa na faili ya logi iliyokua miaka miwili bila mtu kuikata. Hapo hata PostgreSQL, stoo yenyewe, inakataa kuandika, na kuzima na kuwasha hakusaidii kitu. Cheti cha usalama kinaweza kuwa kimekwisha muda: vile vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90. Programu ni nzima kabisa, lakini telefone ya mgeni inakataa kuingia.

Mara nyingine ugonjwa haumo hata ndani ya programu. Usiku wa tarehe 30 Juni 2012, saa za dunia ziliongezewa sekunde moja ili zilingane na mzunguko wa ardhi. Hapa mashariki ya Kongo ilikuwa karibu saa nane za usiku. Kosa lililokuwa ndani ya Linux likaamka, na seva nyingi zenye programu za Java zikashika prosesa yote bila kufanya kazi yoyote. Reddit na Mozilla walikuwa kati ya walioumia. Aliyekuwa anatafuta kosa ndani ya programu yake peke yake angekesha bure, kwa sababu programu haikuwa na kosa. Dawa ilikuwa kuiandikia mashine saa yake upya, ao kuwasha upya mashine nzima. Walioipata ni wale waliotazama mahali pote, na kuuliza ni kitu gani kilichobadilika usiku ule.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: «Watu wanangojea, hatuna wakati wa uchunguzi.» Nakubali kwamba kuwasha tena ni msaada wa haraka, na hospitalini haupaswi kucheleweshwa. Lakini kila mama wa hapa anajua kwamba mtoto mwenye homa anapelekwa kituoni, anatolewa tone la damu, kisha anapewa dawa. Tone la damu halimcheleweshi mtoto, na bila hilo daktari anatibu kwa kubahatisha. Fundi anaweza kutayarisha mapema amri moja tu, inayopiga picha za thredi, inayoandika hali ya diski na memori, inayotunza logi, kisha ndiyo inawasha tena. Dakika moja inatosha.

Wa pili atasema kosa ni la umeme na intaneti. Mara nyingi ana haki. Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa juu ya umeme kukatika. Lakini kuna njia rahisi ya kujua. Fundi aketi kwenye seva yenyewe na aombe ukurasa kutoka ndani, bila kupitia intaneti. Ukifunguka, shida iko barabarani: kebo, cheti, ao jina la tovuti. Usipofunguka, aache kusingizia kebo.

Wa tatu ndiye mwenye neno zito: «Programu imeandikwa mbali, sisi hapa hatuna ruhusa ya kuingia.» Hapo si jambo la fundi tena, ni jambo la wenye kutia sahihi. Biro inanunua programu kwa maelfu ya dola, na fundi wa hapa hana hata ruhusa ya kusoma logi. Anabakia na kidole kimoja tu, cha kuzima na kuwasha. Kisha tunashangaa kwamba hicho ndicho anachotumia.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Wakubwa wa biro, hospitali na vyuo wanaotumikia watu kwa njia ya intaneti wafungue daftari la maanguko. Kila mara sisteme inapoanguka, iandikwe saa, dalili, ushahidi uliotunzwa, sababu iliyopatikana, na kilichobadilishwa. Kama mstari wa sababu ni mtupu mara tatu mfululizo, mkubwa ajue hana sisteme, ana bahati.

Mikataba ya kununua programu iseme wazi kwamba fundi wa hapa ana haki ya kusoma logi na kupiga picha za thredi, na kwamba aliyeiandika ana siku kadhaa za kujibu kwa maandishi anapotumiwa ushahidi huo.

Vyuo vyetu vifundishe kutafuta kosa. Tunafundisha vijana kujenga programu mpya kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo, inafunguka mbele ya waalimu siku moja, wanapewa alama, basi. Mwalimu aharibu programu nzima kwa makusudi: achukue funguo, ajaze diski, abadilishe saa. Kijana apewe masaa mawili aeleze sababu na aonyeshe ushahidi. Huo ndio mtihani atakaoukuta kazini.

Na kila biro itunze njia ya karatasi. Mtu aliyetoka Kabare ao Masisi asirudishwe mikono mitupu kwa sababu wahudumu 200 wasioonekana wamekwama mlangoni pa stoo. Aandikwe kwenye fomu, apewe namba, na biro iingize habari zake sisteme inapopona. Kosa la mashine lisilipwe na nauli ya mkaaji.

Jambo la tano ni letu sisi tunaopanga foleni. «Sisteme imeanguka» si maelezo, ni mwanzo wa maelezo. Tukiambiwa hivyo, tusigombane na kijana aliye kwenye dirisha. Yeye haijui Tomcat wala PostgreSQL. Tumwombe mkubwa wake swali moja tu, kwa heshima, na tulirudie kila mara mpaka lijibiwe: mara iliyopita ilianguka kwa sababu gani?