Risala ya Wasanii na Wazee wa Kigoma na Ujiji kwa Watayarishaji wa Tamthilia za Televisheni



Tumesikia kwamba wapo kati yenu wanaofikiria kuipeleka kwenye televisheni habari ya mwaka 1965, Wacuba walipopitia hapa Kigoma kwenda kupigana Kongo upande wa waasi. Habari hiyo inastahili. Ila tumeona tuyaseme mapema yanayotukera, kabla vyombo havijashushwa kwenye gari, maana kazi ya kurekodi ikishaanza mwenyeji hasikilizwi tena. Anaambiwa asogee pembeni asije akaingia kwenye picha.

Kusogezwa pembeni tumekuzoea. Mwaka 1939 Wamarekani walitoa filamu ya Stanley na Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley, na Ujiji nzima ikawa uwanja wa Wazungu wawili kukutana. Mwaka 1951 ikaja *The African Queen*, iliyotokana na riwaya iliyochota kisa chake katika vita vya majini vya ziwa hili, vita ambavyo meli yetu ya Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Picha zilipigwa Uganda na Kongo. Ziwa Tanganyika halikuonekana hata tone.

Sasa tuje kwenye 1965. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, boti iliondoka Kigoma kuelekea Kibamba, ng'ambo ya pili, ikiwa na Wacuba 14. Kamanda wao alikuwa Víctor Dreke, kijana mweusi wa miaka 28, akiitwa Moja. Aliyemfuata, José María Martínez Tamayo, akaitwa Mbili. Wa tatu akaitwa Tatu, akatambulishwa kama daktari na mkalimani. Huyo ndiye Ernesto Che Guevara. Wacuba walioendelea kuvuka baada ya hapo mwishowe walizidi mia moja, na karibu wote walikuwa weusi. Havana iliwachagua hivyo kwa makusudi: wasitofautike na wenyeji, na pia iwe ni wana wa waliopelekwa utumwani wanaorudi kupigana upande wa Afrika.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yetu. Tunaogopa kwamba skripti ikiandikwa, Tatu atakuwa wa kwanza, na Moja atakuwa mtu wa kumshikia bunduki. Filamu kubwa ya Steven Soderbergh ya mwaka 2008 kuhusu Che ina sehemu mbili, Cuba na Bolivia. Kongo imerukwa. Kila tukijiuliza kwa nini, jibu moja halitutoki: katika Kongo yeye hakuwa sura ya vita. Sura ya vita ilikuwa ya watu weusi, na kuna wanaodhani mtazamaji hatawalipia.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Mwaka 2017 Waingereza walionyesha *Guerrilla*, tamthilia ya sehemu sita ya John Ridley kuhusu weusi wa London waliochukua silaha mwaka 1971. Mhusika mkuu wa kike alikuwa Freida Pinto, mwigizaji kutoka India. Siku ya kuionyesha kwa mara ya kwanza watazamaji walisimama wakauliza: wanawake weusi wako wapi? Utetezi ulikuwepo, na haukuwa wa kijinga: Waasia nao walikuwemo katika harakati zile, na neno weusi wakati ule Uingereza liliwabeba wote. Tunakubali. Lakini kiongozi wa Black Panthers wa Uingereza, kundi la harakati hizohizo, alikuwa Altheia Jones-LeCointe, mwanamke mweusi kutoka Trinidad, na mtu hawezi kutunga hadithi ya harakati zile akamruka yeye kisha akashangaa watu wanakasirika. Ilibidi kusubiri hadi 2020, Steve McQueen alipotoa *Mangrove*, ndipo Letitia Wright akamwigiza.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kila mwigizaji apimwe rangi mlangoni. Vita vyenyewe vya Kongo havikuwa vya weupe dhidi ya weusi kama bao la dama. Upande wa Tshombe, waziri mkuu wa Kongo wakati ule, walikuwepo mamluki wa Mike Hoare, wengi wao Wazungu wa Afrika Kusini na Rhodesia. Lakini kati ya marubani waliowarushia mabomu waasi, na mabaharia waliofanya doria katika ziwa hili, walikuwemo Wacuba waliomkimbia Castro na kukodiwa na CIA. Kwa hiyo Mcuba alimwinda Mcuba mbele ya macho ya Wabembe, wenyeji wa ng'ambo ya ziwa. Walikuwepo pia wakimbizi wa Kinyarwanda waliopigana bega kwa bega na Wacuba. Anayetaka kuigiza siasa kali za rangi aanze kwa kukiri kwamba rangi peke yake haikutosha kuwaunganisha hao wote. Tunadhani hilo ndilo lililomuuma Tatu kuliko risasi.

Na nyuso zifanane na mwaka wenyewe. Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, anayekumbukwa na wengi ni yule wa 1997, mnene, mwenye upara, akiingia Kinshasa. Wa 1965 alikuwa kijana wa miaka 25, aliyevuka kwenda mstari wa mbele mwezi Julai, akakaa siku chache, akarudi Kigoma. Mkituletea mzee wa kitambi, tutacheka mpaka mwisho wa sehemu. Che naye alishuka Dar es Salaam bila ndevu, macho yamefichwa na miwani. Ile kofia yenye nyota iacheni kwenye fulana.

Kuhusu mji wetu, tuna jambo lililotugawa. Katika kumbukumbu alizoandika Tatu akiwa amejificha ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, baada ya kushindwa, Kigoma inatajwa kama mji wa pombe na madanguro uliowafanya wapiganaji wasahau kurudi vitani. Baadhi ya wazee waliomba tudai sehemu hiyo ifutwe. Tulibishana sana, na walioshinda ni wale waliosema isifutwe. Onyesheni baa. Onyesheni na makamanda waliolewa humo wakati wenzao wanalala njaa milimani. Ila mwanamke wa baa mpeni jina na maneno ya kusema, kwa sababu huenda ana kaka yake upande wa Fizi, huko Kongo. Na kamera ikitoka nje ya baa iwakute wavuvi wanaowasha karabai kwenda kuvua dagaa, na watu wa stesheni, na wauza mawese. Serikali ya Nyerere iliruhusu njia bila kuambiwa mwanzoni kwamba Che yumo, na ndiyo iliyowaambia Wacuba mwezi Novemba kwamba msaada uishe. Mji ulibeba siri ambayo haikuwa yake.

Lugha ndiyo tutakayoisimamia mpaka mwisho. Wacuba waseme Kihispania, viongozi wa Kongo Kifaransa, wapiganaji Kiswahili cha Kongo na Kibembe, na sisi Kiswahili chetu cha huku. Tafsiri ziwekwe chini ya kioo. Mkiwapa wote Kiingereza, au mkiwapa wote lafudhi ya Dar es Salaam, mtakuwa mmemfuta mtu muhimu kuliko wote: Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo wa miaka 16, aliyepewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili na kumkalimania. Alichukuliwa Cuba, akasomea udaktari, akawa bingwa wa upasuaji, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 2005. Kama mnatafuta mhusika mkuu, yupo hapo. Mgeni maarufu aonekane kwa macho yake.

Msituambie waigizaji hawapatikani. Amil Shivji alipoifanya riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, kuwa filamu mwaka 2021, alitumia Watanzania na Kiswahili, Zanzibar yenyewe, na filamu ikafika Toronto. Kwa waigizaji wa Kibembe, nendeni kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu: wakimbizi wa Kongo wako pale tangu 1996, na vijana wanaoigiza kambini hawakosekani. Ombeni kibali chao mapema, maana mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila ruhusa, na gharama ya kibali iwe yenu. Walipwe sawa na msanii atakayetoka Dar es Salaam kwa ukubwa huohuo wa nafasi.

Bodi ya Filamu hatuiombi ikate chochote. Makasi yakishaingia, hayajui pa kuishia. Tunachodai kwenu ni kwamba skripti isomwe kwa sauti hapa Ujiji kabla ya kurekodi, wazee wakiwepo na vijana wakiwepo, na mwandishi mwenyewe akae asikilize. Mtakapokataa tulichosema, mkatae mbele yetu na sababu zenu tuzisikie. Na sehemu ya kwanza ionyeshwe Kigoma kabla haijaonyeshwa pengine popote.