Kila jicho linalotoa machozi ni H10.9?

 Leo nimekuja na hasira.

Juzi hapa hosteli jamaa wa udaktari mwaka wa nne kasema eti kodi za magonjwa (si zile za TRA, tulieni) ni kazi ya makarani wa bima, daktari yeye atibu tu. Nikamwambia hapana, tena hapana kubwa.

Chukua mtoto wa dada yangu kule Bariadi. Tangu wiki ya pili jicho la kushoto linachuruzika, asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, lakini jicho lenyewe jeupe peee. Mara nne kapelekwa kituo kimoja (sikitaji), mara nne kaandikiwa maambukizi na mafuta ya tetrasaiklini. Mara nne jamani! Kumbe ni mfereji wa machozi, ule unaoshuka toka kona ya jicho hadi puani, umeziba. Wala si ajabu, watoto wengi huzaliwa na kiwambo cha upande wa pua hakijafunguka. Bonyeza taratibu kona ya ndani, uone kama ute unarudi juu. Sekunde 10 tu. Mama akifundishwa kukanda hapo kuelekea chini, wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka 1.

Sasa kodi inaingiaje? Kwenye ICD-10, mfereji ulioziba tangu kuzaliwa ni Q10.5. Ukiziba ukubwani ni H04.5. H10.9 ni uvimbe wa ngozi ya jicho usioelezwa zaidi, na ndiyo jalala la kutupia kila kitu. Ukiandika H10.9 mara nne kwa yule mtoto, umehesabu maambukizi manne ambayo hayakuwepo, halafu mfereji ulioziba hata mmoja haupo! MTUHA ikipanda wilayani hadi mkoani, wapangaji wanaona haja ya mafuta. Nani atapanga mtaalamu wa kuzibua mifereji Simiyu wakati kwenye karatasi hakuna wa kuzibuliwa?

Najua mtasema mistari ya macho kwenye ripoti ya MTUHA ni michache, utaandika wapi? Kweli. Ila rejista ina nafasi ya kuandika ugonjwa kwa maneno, na fomu ya bima ina nafasi ya kodi. Sisemi tuwaige Wamarekani, ambao tangu Oktoba 2015 wana kodi ya mfereji wa kulia mbali na wa kushoto mbali. Anasa hiyo wabaki nayo. Mimi nataka tofauti moja tu, kuziba au kuambukizwa. Na msinitajie ICD-11 iliyoanza Januari 2022, maana nayo haijazi kitu kama hakuna aliyebonyeza ile kona.

Wenye wadogo nyumbani, nakilini hii: kona ikivimba, ikawa nyekundu na mtoto ana homa, msikande. Hospitali siku hiyo hiyo.