SAIDIA FUNDI UNAMWAMBIA ASUBIRI. TAJIRI UNAMWAMBIA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze jambo ambalo mimbari zetu hulipita kimya kimya. Riba tumeisema. Muziki tumeusema. Urefu wa suruali tumeusema mpaka tumechoka. Sasa nakuuliza wewe unayesoma: ni lini mara ya mwisho ulisikia khutba ya Ijumaa inamtaja kibarua wa ujenzi?

Naye yumo humo humo msikitini. Yuko safu ya nyuma, kafika imam ameshaanza, kandambili kaziacha mlangoni zimejaa udongo. Tunamuuliza kama saruji iliyoganda kwenye kucha imezuia maji ya udhu. Ni swali sahihi la fiqhi. Lakini hakuna anayemuuliza kama amelipwa.

HALI ILIVYO

Mnaijua hali hii, sihitaji kuwasimulia sana. Kijana anafika saiti alfajiri, fomeni anachagua: wewe, wewe na wewe. Karatasi hakuna, bei ya siku inatajwa kwa mdomo. Anapandisha zege kwa ndoo mpaka ghorofa ya tatu, jua la Dar es Salaam liko utosini. Kofia ngumu zinatoka stoo siku mkaguzi anapokuja. Jioni anaambiwa, "njoo kesho." Kesho anaambiwa mwenye jengo hajatoa hela. Wiki ya pili, fomeni hapokei simu.

Akiteleza kwenye jukwaa la mirunda, wenzake ndio wanaompakia kwenye bajaji. Mkandarasi anatoa hela ya soda, na kesho yake nafasi yake ina mtu mwingine. Ijumaa inayofuata tunapitisha bakuli. Mkandarasi yule yule, safu ya kwanza, kanzu nyeupe, anaweka noti nyekundu na watu wanasema mashallah.

Ndugu yangu, mashallah ya nini? Huyo hajatoa sadaka. Amelipa kipande kidogo cha deni lake, tena kalipa mbele za watu ili asifiwe.

DINI IMESEMA NINI

Sikiliza vizuri. Imam Bukhari amepokea hadithi qudsi kwamba kuna watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyetoa ahadi kwa jina la Allah kisha akafanya khiyana. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimlipe.

Tazama anawekwa na nani! Anapangwa safu moja na muuza watu. Na sisi tunamwita mfadhili.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha mfanyakazi alipwe jasho likiwa bado halijamkauka. Akatufundisha pia kwamba mwenye uwezo anayechelewesha kulipa anadhulumu. Hakusema anadhulumu akikataa kabisa. Kuchelewesha tu kunatosha. Basi hiyo "njoo kesho" ya saiti ina jina katika dini, na jina lake ni dhulma.

Surat al-Mutaffifin tunaisoma kila siku na tunadhani inamhusu muuza sukari mwenye mizani ya uongo peke yake. Inamhusu pia yule ambaye akichukua anachukua saa zote mpaka giza linaingia, na akitoa anatoa nusu.

Tena tazama kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas. Alipofika Madyan akiwa mkimbizi, hana ndugu wala kitu, yule mzee hakumwambia "fanya kazi kwanza, tutaona." Alitaja muda: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Alitaja malipo. Alisema hataki kumtia katika taabu. Na Musa akamfanya Allah kuwa shahidi wa makubaliano. Huo ndio mkataba wa kazi ndani ya Qur'an. Wewe mwenye ghorofa nne Kariakoo unashindwaje kuandika karatasi moja?

"LAKINI SHEKHE, SI ANATAKIWA ASUBIRI?"

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya ndugu zangu wahubiri. Kibarua akija kulalamika, anasomewa subira: riziki iko kwa Allah, dunia ni mapito, utalipwa akhera. Maneno yote hayo ni haki. Lakini mbona wanasomewa walalahoi tu? Tajiri akidaiwa na benki hasomewi subira. Mkandarasi akicheleweshewa hundi yake anaajiri wakili, na hakuna anayemwambia dunia ni mapito.

Subira ni kuvumilia alichokukadiria Allah huku ukiifuata sababu. Kunyamaza mbele ya dhulma ya mja ni kumwachia dhalimu njia. Mtume (s.a.w.) alituagiza tumsaidie ndugu yetu akiwa anadhulumiwa na hata akiwa ndiye anayedhulumu. Maswahaba wakauliza, wa pili tunamsaidiaje? Akawafundisha: kwa kuushika mkono wake asidhulumu. Basi anayemhubiria kibarua subira na kumnyamazia mkandarasi amewaangusha wote wawili.

MKONO MMOJA HAUSHIKI DHALIMU

Sasa tuje kwenye kiini. Mkono wa dhalimu unashikwa vipi? Kibarua mmoja akidai, anaambiwa "kesho usije." Wakidai arobaini kwa sauti moja, zege limeshachanganywa na linaanza kukauka, atawasikiliza.

Hili si wazo lililotoka Ulaya. Mtume wetu (s.a.w.) kabla hajapewa utume, akiwa kijana, alihudhuria Hilf al-Fudul. Mtu wa Zabid, kutoka Yemen, alifika Makka na bidhaa. Al-As ibn Wa'il, mkubwa wa mji, akazichukua na akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na kabila pale Makka, hana wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays akalia hadharani. Koo kadhaa za Maquraysh zikakutana nyumbani kwa Abdallah ibn Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja na aliyedhulumiwa mpaka haki yake irudi. Wakaenda kwa al-As, na mali ikarudi.

Baada ya utume, Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba ule, akasema angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, kilichowakutanisha kilikuwa malipo yaliyozuiliwa. Pili, mgeni peke yake alishindwa, kundi likaweza. Tatu, walioapa siku ile hawakuwa Waislamu, na bado Mtume aliuheshimu mkataba. Basi anayekwambia usiingie chama cha wafanyakazi kwa sababu katibu wa tawi anaitwa Joseph, muulize kuhusu Hilf al-Fudul.

HOJA WANAZOZILETA

1. "Chama kinakata hela bure, viongozi wanakula." Wapo wanaokula, sitakuficha. Lakini ada ikiliwa na katibu, dawa yake ni kuhudhuria mkutano, kuuliza hesabu na kumpigia kura mwingine. Mbona msikiti ukiwa na mweka hazina mbovu huachi kuswali? Unambadilisha.

2. "Mgomo ni fitna." Sheria yenyewe ya Tanzania haikuruhusu uamke asubuhi utupe koleo. Mgogoro unapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, kisha wanachama wanapiga kura, kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Watu wanashauriana, wanaonya, wanasubiri. Fitna iko wapi hapo? Fitna ni kula ujira wa mtu mpaka nyumba yake inavunjika.

3. "Sisi ni vibarua, chama ni cha wenye ajira." Hapa ndipo wanapowapata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, na inakataza kumbagua kwa sababu hiyo. Wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama. Na sekta ya ujenzi tayari ina TAMICO, chama kinachoshughulika na migodi, nishati na ujenzi. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, zipo sheria zenu za kazi za mwaka 2005, zisomeni.

4. "Allah ndiye mtetezi wangu." Naam, na ndiye aliyekuamrisha katika Surat al-Maida usaidiane na wenzako katika wema na uchamungu. Mfunge ngamia, kisha tawakali.

ELIMU UNAYONYIMWA

Yaandike haya kwenye simu yako, maana fomeni hatakuambia.

Kwa Tanzania Bara, saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na hazizidi siku 6. Zinazozidi ni saa za ziada, na malipo yake ni mara moja na nusu.

Mwajiri anatakiwa akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri na hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai ni wake yeye. Kwa hiyo yule anayekataa kuandika anajifunga mwenyewe, ila wewe hujui, ndiyo maana anatamba.

Ukiachishwa kazi bila haki, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Madai mengine ni siku 60. Wengi wanapoteza haki yao wakisubiri huruma ya bosi hadi siku zimekwisha.

Ukiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia ni mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata shilingi. Sasa jiulize: aliyevunjika mguu tukampitishia bakuli, mwajiri wake alikuwa anachangia? Nani alimuuliza?

Kibarua mmoja hawezi kuyabeba yote haya kichwani akiwa na ndoo ya zege begani. Chama kinamweka mtu wa kuyajua kwa niaba ya wote. Chama pia kinaweza kukaa mezani kudai muda wa swala ya Ijumaa, na zamu nyepesi mchana wa Ramadhani, badala ya kila mmoja kwenda kumbembeleza fomeni peke yake.

Na usidhani ni mambo ya hela tu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwenye saiti yoyote, wa kwanza kuona ufa au kujua zege ni bovu ni yule anayelichanganya. Lakini anayejua kwamba akifungua mdomo kesho hana kazi, atafunga mdomo. Sauti ya kibarua ikilindwa, wewe mpita njia unalindwa pia.

MSIKITI NAO UJITAZAME

Nasema hili na najua litawaudhi wengine. Kamati za misikiti! Mnajenga nyumba ya Allah, kisha mnamwambia mwashi apunguze bei "kwa ajili ya thawabu". Muuza nondo mmemlipa kamili. Muuza saruji mmemlipa kamili. Thawabu kaachiwa fundi peke yake, na watoto wake hawali thawabu jioni ile. Akijitolea kwa hiari yake, Allah amlipe, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alibeba matofali Madina. Lakini kumlazimisha kwa haya ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa. Mnara wa namna hiyo unaita watu kwenye swala kwa pesa ya nani?

NA WEWE FUNDI

Haki ina pande mbili. Ukilipwa siku nzima usilale nyuma ya lundo la mchanga. Usiuze mifuko ya saruji usiku ukapunguza ratili kwenye nguzo, hiyo ni roho za watu. Ukiwa katibu wa tawi, ada za wenzako ni amana, na amana utaulizwa. Atakayemkemea tajiri inabidi mikono yake iwe safi.

FANYA HAYA

Kibarua: kuanzia kesho andika siku ulizofanya kazi, jina la saiti na kiasi mlichokubaliana. Tafuteni wenzenu kumi, kisha ishirini, mwende ofisi ya chama pamoja.

Mkandarasi Muislamu: kabla ya Ijumaa ijayo, toa daftari, tazama unadaiwa na nani. Lipa deni kwanza, noti ya bakuli ifuate.

Imam: khutba moja tu. Moja. Na uisome ukiitazama safu ya kwanza.

Ewe Mola wetu, waponye waliovunjika majukwaani, warehemu waliofukiwa na vifusi, warudishie waliodhulumiwa haki zao hapa duniani kabla ya siku ambayo deni hulipwa kwa mema. Usitufanye miongoni mwa waliojenga juu ya jasho la watu. Amin.

Mfikishie mwenzako aliyeko saiti. Na kama una mkandarasi kwenye simu yako, mfikishie yeye kwanza.

Wallahu a'lam.