Mgonjwa wa Akili Asifungiwe Nyumba kwa Deni la Kodi

Msomaji, ukipita katika mitaa ya Kisii mjini mwezi unapoanza, iwe Jogoo, Mwembe au Nyanchwa, hutakosa kuona mlango uliotiwa kufuli la pili juu ya lile la mpangaji. Wengi wetu husema tu kwamba huyo hakulipa kodi, tukaendelea na shughuli zetu. Leo ningependa uulize swali moja zaidi: je, aliyefungiwa ni mzima?

Tumchukue, kwa mfano, mama anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Ana ugonjwa wa akili unaompa majuma ya furaha na nguvu zisizo na kipimo, kisha majuma ya huzuni nzito. Katika majuma ya kwanza hukopesha kila amwombaye na kununua mali asiyoweza kuiuza. Katika yale ya pili hata kuamka ni kazi. Akilazwa wiki tatu, meza yake sokoni huchukuliwa na mwingine. Akitoka hospitalini amepewa vidonge vinavyomletea usingizi, ilhali ndizi hununuliwa alfajiri. Kodi yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ikipita anadaiwa 9,000, na si kwa sababu ya anasa wala ujeuri. Deni hilo ni dalili ya ugonjwa, kama vile homa ilivyo dalili ya malaria.

Sasa notisi inapenyezwa chini ya mlango. Wewe na mimi tungeisoma, tukaenda kumsihi mwenye nyumba. Mtu aliyelemewa na huzuni haifungui kabisa. Anaiweka juu ya zile nyingine. Yule anayesikia sauti huenda akaamini kwamba barua hiyo ni sehemu ya njama dhidi yake, akaichoma. Utaratibu wetu wote wa kudai kodi umejengwa juu ya mpangaji anayesoma, anayehesabu siku na anayejibu. Asipojibu, keateka huripoti kwamba "anajifanya".

Mlango ukishafungwa, dawa zimebaki ndani. Kadi ya kliniki imebaki ndani. Tarehe ya sindano ya mwezi inapita. Mgonjwa analala kibarazani, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha ugonjwa huu upesi zaidi. Hapo ndipo majirani huita polisi, au jamaa huchanga nauli ya kumpeleka Mathari, hospitali ile ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1910. Gharama hiyo, pamoja na majuma ya wodini, huenda ikazidi kwa mbali zile shilingi 9,000.

Kwa mama mwenye umri mkubwa kuna hatari nyingine ambayo sisi wa huku hatuna haki ya kujifanya hatuijui. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Mwanamke aliyechanganyikiwa, asiye na mlango wa kufunga, anayetangatanga usiku akizungumza peke yake, hayuko salama katika nchi yenye fikira kama hizo.

Utaambiwa, "Si arudi kwao?" Jawabu hili hupendwa sana mjini, na mimi naliona kuwa la kukwepa. Kwao ni wapi? Mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa baba kwa mwana hadi mengine hayatoshi nyumba na migomba michache. Kijana aliyeugua miaka kumi mjini anakuta sehemu yake imepandwa chai na ndugu yake. Binti aliyeachwa na mumewe kwa ajili ya ugonjwa huo huo anakuta wake za kaka zake, na hakuna anayemtengea chumba. Wengine hurudi kweli, wakaishia kufungwa kamba nyuma ya jikoni. Jamaa hawafanyi hivyo kwa ukatili kila mara. Wamechoka, na hawana wa kuwasaidia.

Wenye ploti nao tusiwasahau. Wengi wao si matajiri. Wamejenga kwa mkopo wa benki na karo za watoto zinawangoja. Sisemi mgonjwa akae bure. Deni ni deni, na linaweza kulipwa kidogo kidogo ikiwa mdaiwa yu chini ya paa na anatumia dawa zake.

Lakini mdai akiwa ni serikali ya kaunti, neno langu ni kali zaidi. Zamani nyumba za umma mjini zilikuwa za baraza la manispaa, na kila mtu alijua kwamba kanjo kazi yake ni kukusanya. Mwaka wa 2013 mabaraza hayo yalikwisha, nyumba na madeni yakarithiwa na kaunti, na mwaka huo huo huduma za afya zikahamishiwa kaunti pia. Kwa hiyo serikali inayodai kodi ya chumba ndiyo inayomlipa muuguzi anayemdunga mpangaji sindano. Ofisi ya mapato na kliniki zina bwana mmoja. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yanazitaka kaunti zitoe huduma hizo katika vituo vyake, na ziandae mipango ya kuwatunza wagonjwa ndani ya familia na jamii. Mtu atatunzwaje katika jamii akiwa hana pa kulala? Katiba ya mwaka wa 2010 imeweka afya na makao katika kifungu kimoja, cha 43.

Ninachokiomba Kisii na Nyamira ni kidogo: kabla ya kufuli kutiwa, karani wa kodi aulize kama mpangaji ni mgonjwa, na kwa ridhaa ya mpangaji mwenyewe apige simu kliniki. Kisha wakae watatu wapange malipo.

Nawe unayeishi na ugonjwa huu, au unayemtunza ndugu yako, usingoje kufuli. Siku unapojisikia vyema, nenda kwa mwenye nyumba na mtu unayemwamini, mwandikiane kwamba ukinyamaza mwezi mzima basi aitwe huyo, na nambari yake ya simu iandikwe. Si lazima utaje jina la ugonjwa. Ukilazwa, omba barua ya hospitali yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, na jamaa aipeleke ofisini nawe ungali wodini. Lipa chochote ulicho nacho, hata shilingi 500, na udai risiti. Nyumba ikiwa ya mtu binafsi na kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya Baraza la Kodi za Nyumba. Dalali naye akija, mwulize leseni yake. Kadi ya kliniki na dawa za siku chache zihifadhiwe kwa jirani mwema au dada wa kanisani, nje ya chumba chako.