Kabla Hujalipia, Taja Kazi Iliyokushinda

Wateja wetu wanaojifunza kutengeneza app huuliza swali hili pesa zikiwa tayari kwenye simu: ninunue toleo la kulipia au nibaki na la bure? Mimi huuliza kwanza: ni kazi gani hasa toleo la bure limeshindwa kukufanyia?

Wengi hukosa jibu. Android Studio ni ya bure, Visual Studio Code pia. Kuunganisha duka lako la mtandaoni na malipo ya simu ni kutuma maombi kwa seva na kusoma majibu yake, na hilo hata programu ya bure inaliweza. Lakini kama kutwa nzima unashughulika na Spring na hifadhidata, ukilipia IntelliJ IDEA Ultimate nitakuelewa.

Pia, bure ina masharti. Visual Studio Community unaweza kuitumia peke yako hata kwa kazi ya kulipwa, ila kampuni ndogo hairuhusiwi zaidi ya watumiaji 5. WebStorm nayo, tangu Oktoba 2024, ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Ukianza kumtoza mteja, nunua leseni.

Ninachokikataa kabisa ni ile njia ya mkato: toleo la kulipia lililovunjwa kufuli, linalopitishwa kwa flashi mkono kwa mkono. Aliyelivunja humjui, wala hujui amepachika nini ndani. Na kompyuta hiyohiyo ndiyo unahifadhia funguo za siri za akaunti yako ya malipo! Zikiibwa, wanaoumia ni pamoja na wateja waliokuamini na hela zao. Heri ya bure mara mia.

Ukiamua kulipia, anza na mwezi mmoja. Bei nyingi ni za dola, kwa hiyo shilingi zitakazokatwa mwezi ujao huenda zisiwe zilezile. Usajili nao hujirudia wenyewe usipouzima, basi weka kikumbusho kwenye simu siku chache kabla haujakatwa tena.

Na kama bado uko chuoni, tulia kwanza. JetBrains, wenye IntelliJ na WebStorm, huwapa wanafunzi leseni ya bure wakionyesha uthibitisho wa chuo, mradi si kwa kazi ya biashara.