Bei ya motokari ya polisi haiishii dukani

Mimi ni mkaaji wa Likasi, Kongo (DRC), komini ya Kikula, na naomba niseme jambo moja kuhusu motokari za polisi. Tunapopewa motokari za doria, tunapiga makofi siku ya kukabidhiwa funguo, halafu hatuulizi tena. Lakini bei ya kununua ni mwanzo tu. Kuna mafuta ya kila siku, matairi, vipuri, bima na fundi. Barabara zetu za Panda na Shituru zina mashimo, na vumbi la kiangazi linaziba chujio upesi. Jeep isiyo na pesa ya matengenezo italala uani.

Kenya ilianza mwaka 2013 kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote, na matengenezo ni juu ya mwenye gari. Sisemi tuige kila kitu, ila wao walikubali kwamba gari ni gharama ya miaka mingi.

Pesa hatukosi kabisa. Sheria yetu ya madini ya 2018 inaipa serikali ya mahali asilimia 15 ya mrabaha, na jimbo asilimia 25. Malori ya shaba na kobalti yanapita hapa mchana na usiku.

Ombi langu kwa viongozi: mkitangaza motokari mpya, tangazeni pia bei yake, na bajeti ya mafuta na vipuri. Raia anayepiga simu usiku anahitaji gari linalowaka.