Uliza Jina la Mahali Kabla ya Kununua Nyumba

Jiji la Nairobi lilipewa jina na maji. Wamaasai waliokuwa wakinywesha mifugo yao pale walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na reli ilipofika mnamo 1899, wajenzi wake walipiga kambi kando ya kinamasi. Mukuru nako, mtaa ambao hutajwa mara kwa mara katika habari za mafuriko, ni neno la Kikuyu lenye maana ya bonde au korongo. Waliotutangulia hawakuficha jambo.

Siku hizi majina ya namna hiyo yanafunikwa. Mabonde na nyanda zituamazo maji hukatwa viwanja, na kila kundi jipya la nyumba hupewa jina la Kiingereza lenye bustani au mandhari ndani yake. Mimi ni mwanaisimu, na yamkini nitalaumiwa kwa kuyapima mambo yote kwa mizani ya lugha. Hata hivyo, nashikilia kwamba kubadili majina si urembo mtupu. Humnyima mnunuzi ushahidi.

Nayasema haya kwa sababu walimu wengi sasa wanatafuta nyumba katika uwanda wa Mto Athi, ambako bei ni nafuu kuliko jijini. Mmoja wao aliniomba ushauri majuzi. Alikuwa amekwisha kuidhinishiwa mkopo na chama cha ushirika, mkopo utakaokatwa katika mshahara wake kwa miaka 15. Nyumba yenyewe aliiona Januari, ardhi ikiwa kavu na kuta zimepakwa rangi mpya. Nilimkumbusha Aprili 2024, wakazi wa Athi River walipotolewa majumbani mwao kwa mashua. Akanijibu kwamba ile ilikuwa El Niño, nayo imepita.

Hapo ndipo neno linapotuponza. Tangu mvua za 1997 na 1998, El Niño imekuwa kwetu jina la mvua yoyote kubwa, kana kwamba mafuriko ni mgeni ambaye lazima atangazwe na idara ya hali ya hewa kabla ya kubisha hodi. Ilhali masika ya 2018, yaliyofurisha sehemu nyingi za nchi na ambamo bwawa la Solai lilibomoka na kuua makumi ya watu, hayakuwa ya El Niño. Isitoshe, nyumba iliyonusurika 1997 haina dhamana leo. Kila paa na kila barabara ya lami inayoongezwa upande wa juu wa mto huzuia maji kuzama ardhini, nayo hushuka kwa wingi na kwa kasi kuliko zamani. Udongo mweusi wa uwandani nao, ukishashiba, haumezi tena.

Wako watakaosema kuwa hatimiliki inatosha. Haitoshi. Mei 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ukingoni mwa mito huko Mathare na Mukuru. Mwaka uliotangulia, katika kesi ya Dina Management iliyohusu ardhi ya ufuoni Mombasa, Mahakama ya Upeo iliamua kwamba hati iliyotolewa kinyume cha sheria tangu asili yake haimkingi hata aliyenunua kwa nia njema.

Jina nalo huweza kudanganya. Jangwani ya Dar es Salaam imo katika bonde la Mto Msimbazi, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale imefurikwa mara nyingi. Kwa hivyo mnunuzi asiishie kwenye jina. Aende mwenyewe Aprili au Novemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, tena bila dalali, kwani katika msamiati wa dalali hamna mvua. Atazame alama za maji katika kuta za majirani. Azungumze na bawabu na mama muuza mboga wa langoni, ambao hawana kamisheni ya kulinda. Kisha aiandikie kampuni ya bima kuuliza kama itafidia hasara ya mafuriko katika nyumba ile, na kwa ada gani. Jibu nalo liwe la maandishi, na lipatikane kabla ya kutoa malipo ya awali, maana ipo mikataba isemayo kwamba fedha hizo hazirudishwi.